Gego Lililokataa Kubanduka

Kabla hujaketi sawasawa, nikuapie kabisa: yote utakayosoma hapa yalitokea, tena yalitokea nikiwa nimesimama palepale, macho wazi na miwani nimevaa. Sijaongeza chumvi hata punje. Mahali ambapo jambo lilikuwa kubwa mno nimelipunguza kidogo, ili watu wa nchi za joto nao waweze kuliamini. Atakayebisha apande Ihanyawa, huku juu ambako umande huganda kwenye majani ya viazi mpaka jua lipate nguvu, aulize nyumba ya Obedi Ngole, aliyekuwa mtu wa boila katika kiwanda cha magome ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutengenezea ngozi. Asiponikuta, aulize palipo na ulanzi, pombe yetu ya mwanzi.

Tuanze na baraza la ardhi. Siku hiyo lilikaa kwenye banda la soko la parachichi, na mbele yake familia mbili zilizogombania mpaka. Rafiki yangu Betwel Luvanda alikuwa mmoja wa wajumbe. Mwenyekiti, Bi. Yusta Mwalongo, mama mwenye sauti ya kengele ya shule, akamgeukia.

"Mzee Luvanda, shamba lako linatazamana na mpaka huo. Uliona nani aling'oa miti ya alama?"

"Sikuona mtu," Betwel akasema.

Tak!

Mlio ulitoka mdomoni mwake, mkavu, kama kijiti kinachovunjika. Banda zima likaangua kicheko. Betwel akashika shavu.

"Haya, haya. Nilimwona mpwa wangu. Alikuwa na shoka."

"Ahsante," akasema Bi. Yusta, bila kucheka. "Tuendelee."

Ndivyo mambo yalivyokwenda miaka hiyo. Kila aliyepewa dhamana ya watu, mjumbe, mweka hazina, hata mgawa mbolea, alibandikwa jino la kweli. Ni kidude kidogo kama punje ya dengu, kinachogandishwa juu ya gego la nyuma. Kinasoma misuli ya taya, mate na mapigo ya ufizi. Ukitamka jambo ambalo wewe mwenyewe unajua siyo, kinalia, na ufizi unapata moto. Ukikosea hesabu kwa nia njema, kimya. Ukiimba, kimya. Ukinyamaza, kimya vilevile, ingawa watu huanza kukutazama.

Sheria haikusema jino likae muda gani. Haikuwa na haja, kwa sababu gundi ilisema. Msimu mmoja wa mvua, labda na nusu ya mwingine, kisha siku moja mjumbe anauma muhindi wa kuchoma na kidude kinamdondokea kiganjani. Hapo mke wake anapiga vigelegele, majirani wanakuja na ulanzi, na mchana kutwa yule bwana anafaidi kusema uongo. Anamwambia mama mkwe hajazeeka. Anaisifu kwaya. Watu wanampigia makofi, na baraza linatafuta mwingine. Tulikuwa tunaiita siku ya kudondoka, na mimi binafsi sikukosa hata moja.

Shida ni kwamba gundi ilianza kuwahi mno. Kesi ilikuwa inafika katikati, jino la mjumbe linadondoka, na wenye kesi wanadai mambo yaanze upya. Bi. Yusta akaenda kwa tabibu wa meno wa kituo cha afya kumwambia atafute dawa.

* * *

Tabibu huyo ni Enesia Nyagawa, binti wa hapahapa, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Aliniita kwa sababu ya boila.

"Kamwene, babu."

"Kamwene, daktari. Sina jino linalouma."

"Sikukuitia hilo. Kaa." Akanionyesha jino la ng'ombe lililokatwa katikati, maana huwa anafanyia majaribio meno ya machinjioni. "Jino siyo jiwe. Chini ya ganda hili kuna nyuzi, jamii ileile ya zile zilizo kwenye ngozi. Nikitaka kubandika kitu, nachubua ganda kwa asidi, nyuzi zinabaki wazi kama nywele, gundi inapenya katikati na kugandia humo. Siku ya kwanza ukining'iniza hapo gunia la viazi, haibanduki."

"Halafu?"

"Halafu mate yanajipenyeza. Na jino lenyewe lina vimeng'enya vyake vilivyolala tangu mtu alipokuwa mtoto. Ile asidi yangu inaviamsha. Vinazila nyuzi polepole. Gundi bado nzima, ila ilichokuwa imekishika kimeshaliwa."

"Ngozi ikiloweshwa kwenye maji ya magome haiozi," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu.

"Najua, babu. Hilo limo vitabuni tangu bibi yangu hajazaliwa. Wenzangu wamejaribu mbegu za zabibu, wamejaribu majani ya chai. Tanini iliyomo humo inazifunga zile nyuzi pamoja na kuvifunga vile vimeng'enya midomo. Lakini inaacha rangi, na inaizuia gundi isigande vizuri chini ya taa. Nataka kujaribu miwati kwa sababu ipo mlangoni. Ninachohitaji ni mtu wa kunitolea maji ya magome bila kuyaunguza. Unaweza?"

"Daktari, mimi nimechemsha magome kuliko chai."

Akanipa chupa ya spiriti safi kabisa, ya maabara, akaniambia niloweke magome humo badala ya maji, nichuje, nipike kwa moto mdogo hadi kibaki kitu kama asali. Akasema nisiionje spiriti. Ni kosa kumwambia mtu hivyo.

Nitasema yaliyotokea bila kupamba. Kulikuwa na baridi ya kukausha masikio. Njia ya kurudi kwangu ni mlima. Spiriti ikapungua kwa kadiri mlima ulivyopanda, na nilipofika nyumbani chupa ilikuwa nyepesi na mimi nilikuwa na joto zuri. Magome yalikuwa yamekwisha katwakatwa. Jikoni kulikuwa na mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi, na ndani yake ulanzi wa siku nyingi uliochacha hadi ukawa unakwaruza koo. Nikaufikiria kidogo. Ulanzi una kilevi, spiriti ina kilevi. Nikamimina.

Dawa ilitoka nyekundu kama udongo wa barabarani, ikinukia vizuri. Enesia akaichukua, akainusa, akanitazama.

"Mbona inanuka hivi?"

"Ndiyo harufu ya muwati ukitendewa haki."

Siku hizo sikuwa na kitu chochote kwenye gego langu, kwa hiyo hapakuwa na mlio. Akaichanganya, akaijaribu kwenye meno yake ya ng'ombe, akaridhika. Zamu ya kubandikwa ilikuwa ya Betwel, ambaye lake lilikuwa limedondoka na baraza lilimwomba aongeze muda. Enesia akampaka, akashusha taa ya buluu, akahesabu kimoyomoyo, akasema tayari.

* * *

Mvua zikaja, zikaisha. Betwel akala mihindi ya kuchoma. Zikaja nyingine. Akatafuna miwa, mifupa, hata kwa makusudi akauma kizibo cha chupa. Kidude kilikaa pale kama kimezaliwa naye. Baraza likamaliza kesi zilizokuwepo tangu enzi za baba zetu. Waliozoea kuahirisha mambo wakisubiri jino lidondoke walikata tamaa wakaanza kupatana wenyewe kwa wenyewe. Kata za jirani zikaja kuuliza, na mimi nikapewa kiti cha mbele kwenye mikutano na jina la Baba wa Gundi. Niliwaeleza wageni jinsi nilivyoiota fomula. Enesia alikuwa anaangalia pembeni.

Wakati huohuo nyumbani kwa Betwel kulikuwa na jambo jingine.

Mkewe, Damari, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau chumvi, halafu majina ya jirani, halafu siku. Katikati ya kusahau huko zikafika habari za mtoto wao wa pekee. Amosi alikuwa akichimba barafu Mwezini, kama vijana wengi wa huku ambao baridi haiwatishi, na alikuwa na desturi ya kupiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Handaki likaporomoka. Waajiri wakaleta rambirambi na kofia yake. Mwili haukuletwa. Sasa, huku kwetu mtu hulazwa nyuma ya nyumba yake, na ukitoka na beseni asubuhi unamwona alipo. Amosi hakuwa na kaburi la kumkumbusha mama yake chochote.

Asubuhi moja nilipitia hapo kuomba moto. Damari alikuwa amekaa karibu na meko, kajifunga blanketi.

"Baba Amosi, mtoto amepiga?"

Betwel alikuwa akikoroga uji. "Kunywa kwanza, Mama Amosi, utapoa."

"Nimekuuliza mtoto amepiga?"

"Hajapiga."

"Atapiga Jumapili?"

Betwel akanitazama mimi. Kisha akasema, taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "Atapiga."

Tak!

Damari akaweka kikombe chini. Alikuwa amesahau mengi, lakini maana ya mlio ule hakuisahau. Alikuwa ameishi na wajumbe maisha yake yote.

"Limelia," akasema. "Betwel. Mwanangu ana nini?"

Akamwambia. Nimesikia vilio vya misiba mingi katika maisha yangu na ninajua tofauti ya kilio cha siku ya kwanza na cha siku ya arobaini. Kile kilikuwa cha siku ya kwanza. Kufika mchana alinyamaza, akanawa uso, akalala kidogo. Alipoamka akauliza kama kuna kuni.

"Kesho ataniuliza tena," Betwel akaniambia tulipotoka nje. "Na kesho kutwa. Nimemzika huyu mtoto kila asubuhi, Obedi. Kila asubuhi."

"Usimjibu."

"Nilinyamaza juzi. Akatoka pekupeku kwenye umande kwenda kumwuliza mchungaji."

"Basi nimwambie mimi." Nikarudi ndani, nikajikohoza. "Shemeji, Amosi amepiga kwangu jana. Anakusalimu."

Damari akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe?" Akamgeukia mumewe. "Ni kweli?"

Betwel akainama kuchochea moto. Tukarudi tulikokuwa.

* * *

Akaenda kwa Enesia. Mimi nikamsindikiza, na Bi. Yusta tulimkuta hukohuko, anasafishwa meno.

"Kitoe," Betwel akasema. "Kikikataa, ng'oa gego lenyewe. Chukua yote mawili."

Enesia akampiga picha ya taya, akaitazama kwa muda mrefu. Dawa ya magome haikuishia pale ilipopakwa. Ilikuwa imeteremka kupitia nyuzi za jino, ikafika kwenye mzizi, na kule chini imeufunga mzizi na mfupa kuwa kitu kimoja, kama ngozi na soli ya kiatu.

"Nikivuta, taya litakuja pamoja na jino. Nikikichonga kidude kwa mashine, kinapata moto kabla hakijakatika. Nitakuunguza mpaka kwenye mshipa."

"Nitavumilia."

"Mimi sitavumilia."

Bi. Yusta alikuwa amekwisha toa pamba mdomoni. "Na hata ingewezekana," akasema, "hilo ni jambo la baraza. Jino la kweli halijawahi kutolewa kwa mkono wa mtu. Hudondoka lenyewe. Ndiyo maana watu wanaliamini."

"Mama Mwenyekiti," Betwel akasema, "unajua kilichopo kwangu."

"Najua. Nililala kwako siku tatu za msiba, Mzee Luvanda. Lakini nisikilize. Leo anakuja Betwel, ana mke anayesahau, na sote tunamhurumia. Kesho anakuja diwani, ana bibi anayesahau. Kesho kutwa mgawa mbolea. Nani atapima huruma ya nani ni ya kweli? Tutambandika jino anayeomba kutolewa jino?"

"Mimi si diwani."

"Ndiyo maana inauma."

Enesia alikuwa ananawa mikono, na aliendelea kunawa ingawa ilikwisha takata. "Kuna mgonjwa mmoja anayeumizwa na kitu nilichokitengeneza mimi," akasema. "Baraza liamue la kwake. Mimi natafuta kiyeyusho."

Akakitafuta. Akajaribu siki, akajaribu asidi ya ndimu, akajaribu vitu vya kwenye chupa ndogo vinavyotoa moshi. Aliweka hivyo vyote kwenye jino la ng'ombe la jaribio la kwanza, na kidude kilikaa imara. Hesabu zake zilimwambia gundi iliyoloweshwa kwa spiriti lazima iachie kwa asidi. Alidhani kasoro ni yake. Mimi nilikuwa napita dirishani, naona taa, naendelea na safari. Kila asubuhi moshi wa kwa Betwel ulikuwa unapanda, na baada ya moshi, kilio.

Mtu ataniuliza kwa nini sikusema. Kiti cha mbele kilikuwa na mto wa manyoya.

* * *

Walinikuta napasua kuni. Enesia alibeba kisanduku chake, Bi. Yusta alimfuata nyuma, na nyuma yao majirani wawili watatu wasiokuwa na kazi.

"Babu," Enesia akasema, "nimeitengeneza ile gundi upya. Magome yaleyale, spiriti ileile, moto mdogo. Inabanduka kama stempu. Ya Betwel haibanduki. Uliweka nini?"

"Sikuweka kitu. Ni aina ya mti. Ule muwati ulipigwa na radi..."

"Ulipigwa na radi."

"Mara mbili. Kwenye gome palikuwa bado na joto."

Majirani wakacheka, na kicheko cha majirani kimenigharimu mengi maishani. Enesia akafungua kisanduku. Alikuwa na kidude kimoja kipya, taa, na chupa ya gundi ya kwanza, imebaki tone chini kabisa.

"Basi hutajali kurudia maneno hayo ukiwa na jino."

Ningeweza kukataa. Lakini nilikuwa nimezisimulia hadithi zangu mara nyingi mno, nikaamini zimekwisha lainika kiasi kwamba kidude kisingezitambua. Tena watu walikuwa wanatazama.

"Weka!" nikasema. "Obedi Ngole hana cha kuficha."

Nikaketi juu ya gogo. Asidi, maji, upepo, tone la gundi, taa ya buluu. Ladha yake niliitambua mara moja.

"Haya," akasema Bi. Yusta. "Tueleze."

"Magome niliyatoa kwenye mti uliopigwa na radi."

Tak! Ufizi ukapata moto kama nimeuma pilipili.

"Radi ya karibu."

Tak!

"Haya, mti wa kawaida. Nikayaloweka kwenye spiriti yote."

Tak!

"Nusu yake."

Tak!

"Kidogo. Tone!"

Tak! Jirani mmoja alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Nikafuta machozi.

"Ulanzi," nikasema. "Ulanzi uliochacha. Spiriti niliinywa mlimani."

Kimya. Kidude hakikulia.

Enesia hakucheka. Aliketi kwenye gogo jingine. "Uchachu," akasema, kama anayejisemea. "Uchachu ndio ulioifanya gundi igande licha ya tanini, halafu ikafungika. Na mimi miezi yote namwagia asidi juu ya kitu kilichofungwa na asidi." Akanitazama. "Yule mama analia kila siku, babu. Ulikuwa unamsikia?"

"Nilikuwa namsikia."

Hapakuwa na mlio.

Akainuka, akaingia jikoni kwangu bila kuomba ruhusa, akatoka na kopo la magadi. Akayakoroga kwenye maji ya moto, akatumbukiza lile jino la ng'ombe la jaribio la kwanza. Tulikaa. Kuni zikapasuliwa na wengine. Jua lilipofika juu ya paa, kidude kikaachia, kikazama chini ya kikombe.

"Magadi," akasema Bi. Yusta, na uso wake ukabadilika. "Kila jiko lina magadi."

"Mdomoni siyo kama kikombeni. Mtu akijaribu mwenyewe atachoma ulimi kabla. Inahitaji kufunikwa kwa nta, kukaa na tabibu mchana mzima."

"Lakini inawezekana."

"Inawezekana. Nami nitamfanyia Betwel. Ukitaka unifukuze."

Bi. Yusta alizunguka kuni zangu mara kadhaa, mikono nyuma. Alikuwa mwenyekiti mzuri, na namsema hivyo ingawa alinitendea alichonitendea.

"Tutafanya hivi," akasema mwishowe. "Hakuna siri. Betwel atatolewa mbele ya baraza, watu wote waone, na sababu waisikie. Atakayetaka kutolewa baada yake, naye ataisema yake hadharani, na watu waipime. Na kiti hakiachwi wazi. Anayetoka, lazima mwingine awe ameingia, kwa gundi hiihii."

"Nani atakubali?" akauliza jirani.

Nikaona wote wamenigeukia. Nikagusa gego langu kwa ulimi. Lilikuwa imara kama boila.

"Mama Mwenyekiti," nikasema, "mimi nafurahi sana kulitumikia baraza."

Tak!

* * *

Asubuhi ya kwanza baada ya Betwel kutolewa, alimtuma mtu aje kuniita. Alikuwa na uvimbe kidogo shavuni na alikuwa anakoroga uji haraka kuliko kawaida. Alitaka mtu wa kuwa naye. Nikaketi karibu na mlango.

Damari akatoka chumbani, akajifunga blanketi, akakaa.

"Baba Amosi, mtoto amepiga?"

"Hajapiga, Mama Amosi. Atapiga Jumapili."

Damari alitega sikio. Niliona kabisa anasubiri. Uji ulichemka, kuni zikalia, na mdomo wa Betwel ukabaki kimya. Mabega ya yule mama yakashuka, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.

"Baada ya ibada," akasema.

"Baada ya ibada," akajibu Betwel, na sauti yake ilitaka kukatika lakini ikafika.

Basi Damari akafurahi, na mtu akifurahi hutaka na mwingine aseme. Akanigeukia mimi mlangoni.

"Umesikia, shemeji? Amosi atapiga. Si ndiyo?"

Betwel aliganda na mwiko mkononi. Kusema ndiyo kungelia. Maana ya kunyamaza Damari alishaijua. Hata kusema sijui kungelia, maana nilijua. Maisha yangu yote nimesema uongo usiomfaa mtu, na sasa uliotakiwa ulikuwa wa neno moja tu, na sikuwa nao.

"Shemeji," nikasema, "usiniulize mambo ya simu. Mimi jana nimepanda Mwezini kwa miguu."

Tak!

Damari akashtuka. "Nini hicho?"

"Nimepita njia ya mlima wa nyuma," nikaendelea. Tak! "Nimebeba gunia la viazi kichwani." Tak! "Wenyeji wake wamenipokea kwa kwaya, wakataka kunipa uchifu." Tak! Tak! Hilo lilikuwa na uongo mara mbili.

"Wamekubandika jino?" Damari akauliza, akaweka kikombe chini. "Wewe? Obedi Ngole?" Kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi blanketi likamdondoka, akashika magoti ya mumewe. "Betwel, wamembandika Obedi! Njaa ya hadithi itaingia kijijini! Endelea, shemeji, endelea. Ulirudije?"

"Nimeteremkia kamba ya katani." Tak! Ufizi ulikuwa unaungua sana. "Ilikuwa fupi, nikaongezea mkanda wa suruali." Tak!

Swali lake lilikuwa limekwenda. Betwel alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Sikutazama ni kwa nini.

Damari alipopata pumzi, akajipangusa macho, akanyoosha kidole kama mwenyekiti.

"Nimekukamata mchana kweupe. Kwa mama yangu, mwongo wa jikoni alikuwa analipa. Beseni lile pale, kisu hiki hapa. Menya viazi vyote."

"Vyote, shemeji?"

"Ulivyovibeba Mwezini na hivi."

Nikamenya. Kesho yake nikaja tena, kwa sababu kesho yake aliuliza tena, na nikawa nimepitia jua badala ya Mwezi. Siku iliyofuata nilioa malkia. Kila siku alikuwa anagundua upya kwamba nimebandikwa, na kila siku alicheka kama mara ya kwanza, na beseni lilikuwa linanisubiri.

Mwisho wa juma Enesia alikuja kukagua shavu la Betwel. Akanikuta kwenye kigoda na maganda hadi magotini, akanifungua mdomo pia.

"Ufizi umekuwa mwekundu kama nyanya, babu. Ukiendelea hivi utatoka malengelenge. Kesho usije. Pumzika."

"Haya, daktari," nikasema. "Kesho siji."

Tak!

"Nimesikia!" Damari akapaza sauti kutoka ndani. "Mwongezeeni viazi!"